Inchi Tatu

Gethin kaja na bomba begani
kama aliyeng'oa mfereji wa paa la watu:
inchi nne, jipya, linang'aa, karatasi ya bei bado imeganda.
"Nifungie hili," kasema, na barafu ya Port Talbot
inamyeyuka kwenye buti, juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki.

Nikaingiza ngumi. Ikapita bila kugusa ukuta.
Nikamuuliza: tunafungia gari au meli?

Sikiliza, kijana.
Turbo hula makombo.
Moshi uliokwisha kazi, ambao injini imeutema,
ndio unaozungusha feni yake,
na feni hiyo ndiyo inayosukuma hewa mpya ndani.
Basi kabla ya turbo njia iwe nyembamba,
moshi ufike mbio, ungali na moto wake.
Baada ya turbo, ufungulie uende zake:
mgeni aliyekwisha kula hashikwi mlangoni.
Na hao wanaokwambia injini lazima ibanwe nyuma ndipo ivute
walisikia kwa aliyesikia.

Supachaja ni habari nyingine.
Ile Jaguar ya Bi Prydderch, ya marehemu mumewe,
inafunga mkanda kwenye kranki na kudai mgao wake
kabla injini haijajilipa. Moshi wala haiutazami.
Yeye nilimpa mabomba mawili ya inchi mbili na robo
na sailensa nene kama mkate,
maana anaiendea kanisani,
na hupenda kufika kabla ya sauti ya gari lake.

Wewe una farasi mia mbili na sitini.
Inchi tatu zakutosha na chenji inabaki.
Nne itagonga kila tuta kuanzia hapa hadi kwenu,
itakuongezea uzito, itakuongezea kelele...

"Kelele ndiyo naitaka."

Nikanyamaza.
Dirishani, kule ng'ambo ya reli, matanuri ya chuma yamesimama,
mabomba makubwa kuliko yote mjini,
na hayatoi kitu.
Baba yake alifanya kazi pale miaka ishirini na sita.
Nikachukua msumeno.

Nilikata inchi tatu, kipande kwa kipande,
nikaipindisha kwenye kona ya gia pasipotosha hata kidole,
nikachomelea. Zambarau na dhahabu zikatambaa kando ya kiungo
kama mafuta juu ya dimbwi.
Alipowasha, saa ya ukutani ilitikisika.
Akacheka peke yake, mikono kichwani.

Ijumaa usiku, simu.
"Bi Mwanahawa, presha inapanda. Haisimami.
Imepita baa moja, bado inapanda, halafu gari likajikatia mafuta lenyewe."
Yuko kando ya barabara ya Swansea, taa za dharura zinakonyeza,
nazisikia tik, tik, ndani ya simu.

Kumbe mimi mwenye kupima sikuwa nimepima.
Nilimpanulia moshi lango la nyuma
nikasahau kile kidirisha cha ubavuni,
kinachoupitisha moshi uliozidi
ili turbo isile hadi ipasuke.
Usiku wa baridi, hewa nzito, njia nyeupe mbele yake,
moshi wote ukaikimbilia feni.
Nani angeukataza?

Leo Jumamosi. Nimelifungua, bila malipo.
Kwa tupa ya mviringo nakipanua kitundu,
nusu milimita, natazama, nusu milimita tena,
chuma kinamwagika kiganjani kama unga.
Gethin ananishikia taa.
Za inchi nne hazitaji, na mimi sizitaji,
ingawa bomba lenyewe limelala pale ukutani
na paka wa jirani ameshaingia ndani yake.

"Utajuaje kwamba kimetosha?" ananiuliza.

Sijui, namwambia.
Tutalifunga, tutatoka,
wewe utaendesha,
mimi nitaitazama geji.